Jivu Ana Manjano Shingoni

Baba yangu alikuwa anapofuka, na kazi yake ilikuwa kushika nyoka. Ukishayajua hayo mawili huhitaji mganga wa kukupigia ramli. Mama aliyajua, mimi niliyajua, na Baba mwenyewe aliyajua kabla yetu sote, ila yeye ndiye aliyepaswa kuyasema kwa mdomo wake, na hakuyasema. Watu huniambia marehemu hakasirikiwi. Sawa, basi waje wanifundishe jinsi ya kuacha.

Nyoka wenyewe hawakuwa na neno. Hilo nilitangulize, maana hapa Kisumu ukisema kwenu mlifuga nyoka, mtu anakuangalia kwanza shingoni kutafuta hirizi. Walikuwa nyoka wa mahindi, asili yao Marekani, wembamba, wapole, wasio na sumu hata tone. Baba alitunza bustani ya familia moja ya Kihindi kule Milimani kwa miaka mingi, na kijana wa nyumba ile alikuwa anawafuga kwenye masanduku ya kioo. Walipohamia Uingereza wakamwachia Baba nyoka wanne pamoja na makaratasi yao ya serikali. Mama aliposikia kwamba zawadi ya miaka yote ile ni nyoka, alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia.

“Thuol en thuol,” alisema. Nyoka ni nyoka. Hakukanyaga kile chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu mtaani Manyatta hata siku moja. Baba alifuga na panya wa kuwalisha, na hilo ndilo lililomchoma Mama zaidi. “Panya wanalishwa, nyoka wanalishwa,” alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, “mimi nangoja zamu yangu.”

Lakini Baba alikuwa amezaliwa upya. Shule za kuanzia Awasi mpaka Asembo Bay zikaanza kumwita aje na sanduku lake, awaonyeshe watoto kwamba si kila nyoka ni wa kupigwa mawe. Watoto walimpa jina, Mwalimu wa Nyoka, na mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ameitwa “wewe” na “shamba boy” alilivaa jina hilo kama koti jipya.

Kilichomshika roho hasa ni rangi. Nyoka hawa wote ni aina moja, ila rangi ya mmoja si ya mwingine, na huzaliwa kwa namna ya ajabu: rangi inajificha kwa wazazi, halafu inachomoza kwa mtoto. Kijana wa Milimani alikuwa na majina yake ya Kizungu. Baba aliyatupa akaweka ya jikoni. Wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi alikuwa Kawaida. Asiye na weusi wowote, rangi ya chungwa tupu na macho mekundu, alikuwa Papai. Asiye na wekundu wowote, kijivu mwenye mabaka meusi, alikuwa Jivu. Aliyekosa vyote viwili, mweupe wa kuelekea waridi, alikuwa Uji. Na palikuwa na Mkaa, ambaye ukimlaza kando ya Jivu utaapa ni mapacha.

“Shingo,” Baba alinifundisha. “Jivu akikua anaota manjano hapa, chini ya kidevu mpaka shingoni. Mkaa haoti. Ukiona kijivu chenye manjano shingoni, huyo ni Jivu, hata ukiamshwa usingizini.”

Alikuwa mtu wa taratibu. Macho kwanza, shingo pili, tumbo la mwisho. Tumbo ndilo hakimu, alisema, kwa sababu nyoka wa mahindi, awe wa rangi yoyote, amepangwa vyumba vyumba tumboni kama gunzi la nyamula, yale mahindi yetu ya kienyeji yenye punje za rangirangi. Usimtaje nyoka kabla hujamgeuza tumbo.

Mimi nilijifunza haraka, na si kwa akili. Ninauza sweta za mitumba soko la Kibuye. Marooni ya shule moja si marooni ya shule nyingine, na mzazi akikosewa atakurudia na matusi mpaka ya bibi yako. Jicho langu lilikuwa tayari limesomeshwa na matusi. Ndoa yangu ilikuwa imekufa, nilikuwa nimerudi kwetu na mabegi mawili na uso wa kutotaka kuulizwa, na Baba hakuniuliza. Alinipa nyoka nimshike. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa huruma au alitaka tu mtu wa kumshikia.

Tukawa na desturi yetu. Mayai yakianguliwa, vinyoka vikishajivua ngozi ya kwanza, Baba alivitoa asubuhi barazani, kimoja kimoja, kwenye sahani ya bati nyeupe. Kila mtu ataje rangi. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kinyoka cha Kawaida huzaliwa kimekunjamana na kufifia, unaweza kukiita Jivu bila aibu. Papai mdogo anaweza kukupita usipomwinua juani umwone macho. Na Jivu na Mkaa wakiwa wachanga hakuna anayejua, ni kungoja miezi. Mimi nilitaja wa kwanza kwa sababu sina subira. Mama alitaja akiwa mlangoni, mwiko mkononi, mguu mmoja ndani tayari kukimbia. Baba alitaja mwisho, kwa kuwa mwenye mji ndiye husema mwisho, na neno lake lilikuwa ndilo.

Nakumbuka vile tulivyocheka. Mama akisema “Huyo ni Papai” kwa kinyoka cheusi tii, ili tu kumchokoza, na Baba akimjibu, “Wewe rudi kwa sufuria yako, ugali unaungua,” na ugali kweli ukiungua. Nyumba yetu haikuwa imecheka hivyo tangu niondoke kuolewa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kusameheka. Kinyoka cha Kawaida, Baba alikiita Jivu. Nikasema, Baba, angalia ubavuni, kuna wekundu. Akasema ah, kweli, jua limenipiga. La pili, Papai mwenye macho mekundu kama makaa alimwita Kawaida. Nikamtazama vizuri. Alikuwa ameinua sahani karibu na pua, akiigeuza huku na huku, akitafuta kitu pembeni mwa macho yake badala ya mbele. Halafu nikagundua jambo lingine, ambalo liliniondolea usingizi: nikitaja mimi wa kwanza, Baba hakosei. Nikinyamaza, anakosea.

Nikamjaribu. Ndiyo, nilimjaribu baba yangu, na ningerudia. Kundi la mwisho la mayai lilitoa Uji mmoja, mdogo, mweupe, karibu unaona mpaka utumbo. Nikamweka mwenyewe kwenye sahani, nikaiweka mbele ya Baba kwenye meza ya barazani, nikafunga mdomo. Mama naye, sijui kwa nini, alinyamaza.

Baba akaitazama sahani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akatabasamu, akasema, “Mbona umeniletea sahani tupu?”

Kinyoka kilikuwa kimejikunja katikati kabisa. Mama aliweka mwiko chini. Baba akausikia ukigusa sakafu, akaelewa, nikaona tabasamu linavyomtoka usoni. Akainuka, akaingia ndani akipapasa fremu ya mlango.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho kwa vita. Ni presha ya macho, akaambiwa, imekaa muda mrefu bila kutibiwa. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa ya matone italinda kilichobaki. Baba akashukuru kwa adabu zote. Alipofika nyumbani akaiweka chupa dirishani, na kila nilipomuuliza alisema dawa inachoma. Ilikaa pale mpaka karatasi yake ikapauka kwa jua.

“Basi acha kuwashika,” nikamwambia. “Mimi nitawashika. Wewe kaa hapa uniambie la kufanya.”

“Kwani nimekufa?”

“Huoni, Baba.”

“Naona.”

“Unaona nini? Hebu niambie nimevaa nini.”

“Nguo,” akasema, na akacheka, na nikataka kumrushia kikombe. Kisha akaacha kucheka. “Nyara,” akaniambia, binti yangu, “mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ndiye niliyekufundisha kuona, leo unanifundisha?”

Tuligombana hivyo msimu mzima wa mvua. Mama aliomba, alilia, alinuna, alimwita mchungaji akaja akanywa chai akaondoka. Yawa, ukaidi wa mzee yule! Nilichokiogopa nilikisema mezani, kwa maneno wazi, mbele yao wote wawili: siku moja atashika asiyekuwa wake. Manyatta si msitu lakini nyoka wa kwetu wapo, na ua wetu wa ojuok, ile minyaa yetu, umefungamana na mpera uliojaa viota vya ndege. Nikamwambia, nyoka wako wamekuzoesha vibaya, mkono wako umesahau kuogopa. Akaniambia nile chakula kinapoa.

Kisha Jivu akapotea. Si Jivu yeyote, ni yule mkubwa, wa shuleni, aliyekuwa ameshikwa na mamia ya mikono midogo bila kumkwaruza mtoto. Kifuniko cha sanduku kilikuwa kimewekwa upande, kimeacha upenyo wa kupitisha vidole. Baba alikuwa amekifunga mwenyewe. Alikipapasa, akakuta kiko juu ya sanduku, akaridhika. Macho yangegundua. Hatukuhitaji kuambiana.

Tulitafuta kila mahali. Nilihamisha magunia, nilitoa viatu, nilipanga upya mabati. Mama alilala na taa imewaka na ufagio kando ya mto. Siku zikapita. Mwishowe, asubuhi moja wakati wa chai, Mama akasema kwa utulivu uliotisha kuliko kelele zake zote, “Mzee, asipopatikana kufikia Jumapili, wote waondoke. Wewe huwezi tena. Nimemaliza.”

Baba aliinamia chai yake. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mimi nikachukua pochi yangu nikaenda Kibuye, kwa sababu siku ile tulikuwa tunafungua belo mpya ya mitumba, na nikikaa pale ningeanza kulia.

Niliporudi jua lilikuwa linatua. Kutoka langoni nilimsikia Baba akipiga mluzi. Alikuwa amekaa barazani, shati safi, miguu amenyoosha, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa.

“Nimempata,” akasema kabla sijasalimia.

“Nani?”

“Nani tena! Jivu. Kwenye mpera, amejilaza kwa tawi kama mwenye shamba. Nimemtoa mwenyewe, peke yangu, hakuna aliyenishikia. Amenikwaruza kidogo, ameshtuka, unajua ana njaa. Yuko kwa sanduku lake.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na furaha, haki ya Mungu, Mama alikuwa na furaha juu ya nyoka. Alikuwa amempikia Baba kuku.

“Umejuaje ni Jivu?” nikauliza.

“Shingo,” akasema Baba. “Kijivu, na manjano shingoni. Nimeyaona, nyara. Yalikuwa juani na nimeyaona kwa macho yangu haya.” Aliyasema kwa fahari ya mtoto aliyefaulu mtihani, na nikajua moyoni alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameyaona manjano. Labda ndiyo rangi ya mwisho iliyokuwa imemsalia.

Nikaenda chumba cha mabati. Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha mlangoni. Nikavuta sanduku karibu na mlango, nikainama.

Macho kwanza. Jicho la nyoka yule lilikuwa kubwa mno, limejaa upande wa kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kifupi, butu. Jivu ana jicho dogo la kawaida. Nikasema, labda ni kioo. Shingo pili. Manjano yalikuwepo, kweli yalikuwepo, kuanzia kidevuni kushuka kooni, mazuri, ya kung’aa. Lakini mgongoni hapakuwa na baka. Jivu ana mabaka meusi kutoka kichwa mpaka mkia, na huyu alikuwa kijivu kitupu, magamba membamba yamelala mshazari. Mtu anayeona angejua akiwa langoni.

Nikagonga kioo ili apande, nimwone tumbo. Akainuka taratibu. Koo likavimba, likafura kama limepulizwa, na ngozi ya manjano ikatanuka mbele ya pua yangu. Tumbo lilikuwa jeupe la maziwa, na vinukta vinukta kandokando. Hapakuwa na vyumba, hapakuwa na gunzi, hapakuwa na mahindi.

Nilimjua. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kumjua, zamani, kwenye picha aliyokuwa akiwaonyesha watoto wa shule: huyu wa mitini, mwenye macho makubwa, mtulivu, haumi mpaka umshike. Na akikuuma huvimbi, huumwi sana, unacheka na watu, unakula, unalala. Sumu yake inafanya kazi kwenye damu, polepole. Watoto walipenda sehemu hiyo ya somo kwa sababu inatisha.

Nilirudi barazani nikitembea, sikukimbia, sijui kwa nini.

“Baba, si Jivu.”

“Umeangalia shingo?”

“Nimeangalia tumbo. Wewe uliangalia tumbo?”

Akakishika kidole chake kilichofungwa. “Alikuwa anajipindapinda.”

“Uliangalia tumbo, Baba?”

“Nimekuambia ni Jivu!” Akapiga meza, mfupa wa kuku ukaruka. “Umeniwekea mtego tena? Kama ile sahani? Mama yako amenipa mpaka Jumapili, na mimi nimempata leo. Nimempata! Sasa umekuja na lingine.”

Nikamwambia ni nyoka gani. Nikalitaja jina lake na nikarudia somo lake mwenyewe neno kwa neno. Mama akaanza kupiga kelele, mikono kichwani. Baba alifungua kitambaa, akaninyooshea kidole. Palikuwa na mikwaruzo midogo na alama chache za meno, hapakuwa na uvimbe. “Hii ndiyo sumu?” akasema. “Hii? Nimeumwa tangu mchana na nimekula kuku mzima.”

Alikubali kwenda kliniki ili tunyamaze, basi. Ni kliniki ndogo ya mtaani, na tabibu aliyekuwa zamu alikuwa kijana mwenye uso mwema. Alipomwona Baba akainuka kitini.

“Mwalimu wa Nyoka! Mzee, hunikumbuki, ulikuja shuleni kwetu Awasi. Nilimshika nyoka wako mimi, wa kijivu.”

Nilijua papo hapo tumekwisha. Baba aling’aa. Akamwambia ni yule yule, Jivu, amezeeka, ameanza ukali wa uzee, wakacheka. Mimi nikasema si yeye. Nikasema nimemwona tumbo, nikasema daktari, tafadhali, mpime damu, baba yangu haoni. Kijana yule akanitazama mimi, kisha akamtazama Baba. Akauliza kwa upole, “Mzee, ulimwona nyoka vizuri?”

Hapo ndipo. Nimerudi pale mara nyingi kichwani, kwenye benchi lile, na chati ya macho ukutani ambayo Baba hakuweza kusoma hata herufi kubwa ya juu. Neno moja tu lilitakiwa.

“Nilimwona kama ninavyokuona wewe,” Baba akasema.

Akachomwa sindano ya pepopunda, kidole kikaoshwa, tukaambiwa kama atavimba turudi. Nani atambishia Mwalimu wa Nyoka juu ya nyoka wake? Na mimi ni nani, muuza sweta mwenye kelele? Nilitaka kumpeleka hospitali kubwa usiku ule ule, na Baba akaingia chumbani akafunga mlango kwa komeo. Sikio la kufa halisikii dawa. Mama alikaa nje ya mlango ule akimwimbia nyimbo za kanisani mpaka akasinzia.

Asubuhi akatoka amechangamka. “Mnaona?” akasema. “Nani amekufa?” Akachukua mswaki wake na beseni jeupe, akaenda kupigia mswaki kwenye ngazi kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nawasha jiko. Nilimsikia akitema, akisukutua, akitema tena, na nikamsikia Mama akisema “Nyasaye wangu” kwa sauti ndogo sana.

Beseni lilikuwa jekundu. Hakuwa ametema damu kidogo ya fizi, ilikuwa damu ya kuchinja, na povu la dawa ya meno linaelea juu yake. Ilikuwa imemshuka kidevuni, imeloanisha fulana. Na Baba alikuwa amesimama palepale, mswaki mdomoni, anasugua, ananiangalia kwa upande kama mtu anayengoja kusalimiwa.

“Baba, unatoka damu.”

“Wapi?”

“Mdomoni. Beseni lote ni damu.”

Akainamisha kichwa, akalitazama beseni, akalisogeza karibu. Nilimwona akitafuta. “Ni dawa ya meno,” akasema, lakini safari hii sauti ilikuwa inauliza. Akaingiza kidole ndani, akakinusa. Halafu akaketi kwenye ngazi, akaniachia mswaki nimshikie.

Kwenye hospitali kubwa hakubishana na mtu. Alama za kidole zilikuwa zimeanza kutoka damu upya, na kovu la zamani la panga mguuni likafunguka, na mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyechoka. Nilikuwa nimebeba nyoka ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, nikaambiwa nibaki nayo nje, watu wakakimbia, sikujali. Akamwuliza Baba swali lile lile la kijana wa kliniki.

“Sikumwona,” Baba akasema. “Niliona manjano tu. Mimi sioni, daktari. Huu ni mwaka wa tatu sioni.”

Mwaka wa tatu. Mama alikuwa amemshika mkono, akauachia, akaushika tena.

Daktari alimwamini mara moja. Alitoka nje, akachungulia ndoo kwa mbali, akarudi akasema jina la nyoka lile lile nililokuwa nimelisema mimi. Akasema dawa ya nyoka huyu si ile iliyo kwenye friji lao, ile ni ya moma na swila na wenzao. Ya huyu inatengenezwa Afrika Kusini na inabidi iagizwe. Atapiga simu. Alipiga kweli, nilimsikia akipiga, akibembeleza, akikaripia. Wakati huo watampa damu ya watu, chupa baada ya chupa.

Jioni yake Mama alikwenda kuchota maji ya moto, nikabaki naye peke yangu. Alikuwa ametiwa pamba puani na maneno yalitoka kwa shida.

“Umekasirika,” akasema.

“Sana.”

“Unasikika.”

Nikamwuliza kwa nini. Miaka mitatu, Baba. Dawa ilikuwa dirishani. Ulikuwa na mimi nyumbani, nina macho mawili mazima sina kazi nayo. Jana tu, kwenye benchi, neno moja. Kwa nini hukusema?

Akafikiri. Alilifikiria kama swali la mtoto wa shule, kwa heshima. “Ningesema,” akajibu, “mngewachukua.”

Alikuwa anangoja nikatae. Nilimwona anangoja; uso wake ulikuwa umeelekea mahali sauti yangu ilipokuwa. Mtu mwema zaidi angesema hapana, Baba, tusingefanya hivyo. Mimi sikuweza kumdanganya mtu ambaye uongo ndio uliokuwa unamuua.

“Ndiyo,” nikasema. “Tungewachukua siku hiyo hiyo. Na leo ungekuwa barazani unatununia.”

Akatikisa kichwa polepole, kukubali. Akaomba maji. Nilimpa, yakarudi yamechanganyika na damu, nikamfuta, akauliza kama sasa yametoka safi. Nikasema la, bado. Akasema asante.

Alikufa siku iliyofuata, mchana, chupa ya damu bado inatiririka mkononi. Dawa ilikuwa imepatikana na ilikuwa njiani. Daktari alikuja mwenyewe kutuambia hivyo, asubuhi, amefurahi kabisa, na Baba alimsikia.